Mtumbwi wa Mifuko Miwili Hadi Mutwanga

Kuna wanaosafiri kwa biashara na wanaosafiri kwa msiba. Mimi nilitoka Butembo kwa sababu ya hasira. Paluku, mtoto wangu wa kwanza na wa pekee, alikuwa ng'ambo ya mto Semuliki, kule Mutwanga, kwa mama ya mume wangu, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa na haraka ya kumrudisha ila mimi.

Ndiyo desturi yetu, au ndivyo walivyoniambia nilipoolewa: mtoto wa kwanza akishaachishwa ziwa huenda kukaa kidogo kwa nyanya yake, wazoeane. Mume wangu Kambale, mwalimu wa shule ya msingi, alimpeleka mwenyewe, amemfunga kwa kikwembe changu cha kijani, kitenge nilichombebea mgongoni. Hicho kidogo kikaingiliwa na uasi. Barabara ikafungwa. Waasi walipofukuzwa barabara ikafunguliwa, lakini daraja la Semuliki lilikuwa limebaki vyuma bila mbao, na askari walikuwa wametoboa mitumbwi yote ya wavuvi ili mwasi asivuke tena.

"Tungoje kwanza," Kambale alisema.

Mume wangu si mtu mbaya. Lakini ana dawa moja kwa kila ugonjwa, na dawa yenyewe ni kungoja. Tulingoja mahindi yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Kweli, nyakati zile mwanaume kijana hakupita kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani, kwa urahisi: ukijua Kifaransa unaitwa mwasi, usipokijua unaitwa mwasi. Nilijua hayo. Kujua hakukunipunguzia kitu.

Basi nikifagia chumba asubuhi moja, ufagio ukagonga mifuko miwili chini ya kitanda. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Muda wote ule nalia habari ya mto, na usiku nalala juu ya mtumbwi.

Mifuko ile niliachiwa na muzungu mmoja wa kilimo. Nilipokuwa nasoma kwa Masista, wakati wa vacances, likizo ya shule, nilichunga watoto wake. Kila walipokwenda Ishango, kwenye ziwa, alitoa katika mfuko mmoja vijiti vyembamba vya mti, na katika mwingine ngozi: juu turubai, chini mpira. Vijiti vinaunganishwa kama mifupa ya samaki, vinasukumwa ndani ya ngozi kama mguu ndani ya soksi, na tayari unao mtumbwi wa viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Muzungu alikuwa mvivu, kwa hiyo alinifundisha kuuunganisha, na baadaye kuupiga kafi, ili yeye avute kiko chake ufukoni kwa amani. Uhuru ulipofika waliondoka mbiombio. Madame alinisukumia mifuko mikononi: "Tunza, tutarudi." Nimetunza. Hawajarudi.

Lakini Mususa, mtaa wetu wa Butembo, hatuna mto ambao mtu mwenye miguu hawezi kuuruka, kwa hiyo mtumbwi ulipewa kazi nyingine. Kafi lake lina bapa huku na huku, nalo linagawanyika katikati. Nusu moja ilikuwa mwiko wa kusongea obundu, ule ugali wetu wa muhogo, nyumbani kwangu kila siku na katika arusi za jirani zote. Vijiti vilianikia nepi. Na ngozi, Kambale aliipaka mafuta ya mawese kila mwezi, kwa sababu baba yake alikuwa akipaka ngozi ya ngoma hivyo hivyo. Mpira uling'aa kama uso wa bibi arusi. Kila aliyeuona alimsifu. Mafuta hayo myakumbuke, tutakutana nayo mbele.

Nilimwambia Kambale jioni, akiwa na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mdomoni asiweze kujibu upesi: navuka na mtumbwi ule. Akatafuna. Akameza.

"Masika, tungo..."

"Maliza hilo neno nikumwagie sombe."

Hakulimalizia.

Kwanza niliujaribu kwenye bwawa la samaki bondeni. Nusu ya Mususa ilikuja kutazama, na ninyi mnaosoma haya mnajua ninyi ni nani. Mama mwenye bwawa alisimama mkono kiunoni: "Samaki zangu zikiogopa zikaacha kuzaa, utakuya kuzaa weye?" Nilizunguka bwawa mara kadhaa. Maji hayakuingia. Nikafunga mifuko.

Safari ilihitaji watu wawili, mfuko kila mmoja. Aliyekubali ni Katungu, dada mdogo wa Kambale, msichana mwenye mabega ya mbao na mdomo wa moto. Alikubali kwanza, halafu akauliza tunakwenda wapi.

"Kwa mama yako. Kumchukua Paluku."

"Aa. Donc, basi, tunakufa," alisema, akaanza kufunga kikwembe chake.

Muzungu alibeba mifuko ile mgongoni kwa mikanda ya bega na kila mara alilalamika. Sisi tulifunga kamba, tukaiweka kwenye paji la uso kama tunavyobeba kuni, na mifuko ikatulia.

Butembo tuliiacha asubuhi, juu ya kamyo, lori la Bwana Hassani, Mwislamu wa Beni mwenye kupakia vitunguu na kabichi. Ni mtu wa maneno machache, aliangalia mifuko, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, kama ni maiti, sema sasa."

"Ni mtumbwi."

Akafikiri. "Maiti ningeelewa."

Huko Kabasha, mahali barabara inapojitupa chini ya mlima kama mtu aliyeteleza kwenye ganda la ndizi, abiria wote tulishuka tukatembea nyuma ya kamyo. Chini ya mteremko kulikuwa na barrière. Askari mmoja akachoma mfuko wangu kwa kidole.

"Ni nini hii?"

"Kitanda ya muzungu," Katungu akajibu kabla sijapumua.

"Fungua. Tandika tuone."

Hasira ikanipanda hadi kwenye nywele. "Nitandike kitanda hapa katikati ya barabara, halafu nani atalala? Weye? Mbele ya batu bote hawa?"

Wanawake wa vitunguu walicheka vibaya sana. Yule askari alimtazama mkubwa wake, naye mkubwa alikuwa amegeukia mlima, mabega yakimtikisika. Tukapita. Juu ya kamyo nilimwambia Katungu kwamba uongo ungetuponza. Akasema ukweli ungetuchelewesha zaidi, nani angeamini.

Beni tuliingia jua likiwa bado juu. Bwana Hassani hakutuacha sokoni. Alitupeleka kwake Mulekera, kwa mke wake, Mama Zaina, mwanamke mpana mwenye sauti laini ambaye alitupatia maji ya kuoga kabla ya kutuuliza majina. Baadaye ikaja chai ya tangawizi na maandazi, nikaeleza shida yangu, na kwa vile nilikuwa nimechoka nikaieleza yote: nitakavyoingia mlangoni kwa yule mama, nitakavyomwambia hiki, nitakavyomwambia kile.

Mama Zaina alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, kwa mukwe hapana kuingia na mudomo. Ngambo ile chumvi haiko tangu daraja ivunjike. Ingia na chumvi."

"Kwani mimi nimekosa nini hata nipeleke zawadi?"

"Hapana kukosa. Unataka kushinda ao unataka mutoto?"

Nilikunywa chai. Yeye alienda kufunga chumvi kwenye kitambaa, fundo kubwa, akaliweka juu ya mfuko wangu.

Kesho yake gari jingine lilitusogeza hadi Halungupa, na kutoka pale tulishuka kwa miguu kwenye joto la bonde. Sisi watu wa Butembo tumezoea ukungu. Katungu alivua sweta, akavua kitambaa cha kichwa, akasema akizidi kuvua tutakamatwa. Mbele yetu, juu ya mawingu, milima ya Rwenzori ilijitokeza kidogo ikajificha tena.

Mtoni palikuwa na kibanda cha majani na askari mmoja tu, mtu mrefu wa mkoa wa Équateur ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu Lingala. Alitukataza kabla hatujamsalimu.

"Mama, bwato te. Mutumbwi yote ya mti imekatazwa. Ni ordre, amri ya wakubwa."

"Unaona mutumbwi hapa?" nilimwuliza, nikaonyesha mifuko.

Nilianza kuunganisha mbele yake. Vijiti vikapata uti wa mgongo, uti ukapata mbavu, na uso wa yule mtu ukabadilika. Aliweka bunduki kwenye mti. Alikuja akachuchumaa, akagusa, halafu bila kuombwa akashika upande wa pili wa ngozi tukavuta pamoja. Alisema amezaliwa juu ya mto mkubwa, nyumbani kwao mtoto hupiga kafi kabla ya kutembea, na tangu alipoletwa huku kwenye milima hajagusa bwato, ndivyo wanavyouita mtumbwi.

"Na huu si wa mti," nilisema. "Ni wa mpira."

"Ordre inasema mti," akakubali polepole.

Aliomba kuzunguka nao mara moja. Nilimruhusu. Alipiga kafi kwenye maji tulivu ya ukingoni, bila viatu, akiimba kitu kwa sauti ya chini, na sisi tulikaa tukamlindia bunduki. Aliporudi alikuwa akinusa vidole vyake.

"Mama, nani alipaka hii mafuta? Mpira inashika mukono kama ubani."

"Mume wangu. Ni mwalimu."

"Mwalimu?"

"Mwalimu mwenyewe."

Alitikisa kichwa. "Vuka mbio."

Semuliki hauna upana wa kutisha, lakini unakwenda kama mtu aliyeitwa. Unashuka toka kwenye ziwa lile la Ishango, kulia kwako ukielekea Mutwanga, na maji yake ni rangi ya chai ya maziwa. Nilikaa nyuma, Katungu mbele na chumvi kifuani. Nilielekeza pua ya mtumbwi juu, kinyume cha maji, kama nilivyofundishwa Ishango, tukavuka kwa ubavu. Katikati kiboko alitoa masikio, akatutazama, akazama.

"Umeona kile kiboko?" nilimwuliza Katungu tulipofika.

"Nilifunga macho tangu kule."

Mutwanga tulifika kabla ya jioni. Mama ya Kambale alikuwa uani akichambua maharagi. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mnyoofu, mwenye macho ya mtu anayepima kitambaa. Nyuma yake, ameshika kikwembe chake, alikuwa mtoto mwenye miguu mirefu kuliko niliyoijua.

"Paluku," nikaita.

Akajificha. Halafu nikasikia akimwuliza: "Mama, huyu ni nani?"

Alimwuliza yeye. Alimwita yeye mama.

Nimepita barrière, nimepita kiboko. Kwa hili sikuwa na mtumbwi. Yale yote niliyokuwa nimeyapanga kusema yalinijaa mdomoni, na nikakumbuka Mama Zaina, nikatoa chumvi. Mama mkwe alilamba kidole, akaonja, akafumba macho kidogo.

"Wasingya," alisema. Asante. Kisha, kana kwamba nimemwuliza: "Mutoto aliletwa na mukono ya baba yake. Atarudi na mukono ya baba yake. Mwanamuke hapana kuya kubeba mutoto ya ukoo kama kuku ya soko."

"Mama, miye njo nilimuzaa."

"Na mimi nilimuzaa mwenye kukuoa."

Katungu aliona majani ya kufagia mahali fulani, akaenda kuyafagia.

Wakati wa kusonga obundu, mama mkwe alitafuta mwiko wake, akaupata umepasuka. Nilikuwa nimebeba kafi begani, sikutaka kuliacha mtoni na mtumbwi. Kwa uchovu tu nilichukua ile nusu yangu ya siku zote, nikaingia jikoni, nikaanza kusonga. Sikuwa nikimwambia mtu lolote. Nilisonga kwa hasira, chungu kikalia, na bapa likagonga ukingo kama linavyogonga nyumbani kwangu Mususa: mara mbili, kisha kukwangua.

Paluku alitokea mlangoni. Aliangalia kafi. Akasogea, akaweka kiganja kwenye alama ya kuungua iliyo karibu na mpini, alama ambayo aliifanya yeye mwenyewe alipoliacha motoni akianza kutembea.

"Mwiko ya mama," alisema.

Halafu akainua macho, polepole, kutoka mwiko hadi mkono, kutoka mkono hadi uso. Nilikuwa nalia ndani ya obundu, sifichi. Alijaribu neno kimya mdomoni, kisha akalitoa.

"Mama?"

Alikula kwenye mapaja yangu. Vyombo vilioshwa. Ndipo mama mkwe akasema, akitazama moto: "Umuchukue. Nitabaki nikipikia nani? Kuta?"

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilikuwa bado nimekasirika, na kwa hasira hiyo hiyo nikamjibu, "Basi panda na weye!"

Alinyanyuka, akaanza kufunga mzigo. Katungu alinikazia macho: umefanya nini. Nami sikujua, lakini neno lilikwisha kutoka, na yule mama alikuwa amekwisha kukamata kuku wake.

Mtoni, asubuhi, askari wetu alitupungia mkono toka ng'ambo. Niliwavusha kwanza Katungu na Paluku, mtoto kati ya magoti ya shangazi yake, akipiga makelele ya furaha kila maji yaliporuka. Nikarudi kumchukua mama mkwe. Alikaa mbele na kuku mapajani, na chungu, na obundu wa jana umefungwa kwenye majani ya ndizi. Alikaa wima kama yuko kanisani.

Karibu na katikati nilisikia maji yakigusa makalio yangu. Kwenye mshono, pale mpira ulipokuwa umelainishwa na mawese mwezi baada ya mwezi, mdomo ulikuwa umefunguka.

"Mama," nilisema, kwa utulivu ambao sikuwa nao, "kuna maji."

"Nimeyasikia tangu mbali. Nilifikiri njo kawaida yake."

Alipapasa, akapata tundu. Akafungua majani, akamega obundu, akaufinyanga, akaushindilia kwenye mshono, akaufunika na kitambaa cha kichwa, kisha akakalia. Kwa chungu akaanza kuchota maji na kuyamwaga nje, bila kugeuka, kama mtu anayemwagilia mboga. Kuku alipanda begani mwake akatulia.

"Nani alipaka hii kitu mafuta?" aliuliza.

"Kambale."

"Baba yake alikuwa vilevile. Ngoma yake ilikufa."

Nilicheka hadi kafi likakosa maji. Akasema nipige kushoto, nisicheke. Nikapiga kushoto. Ndipo, akiwa amenipa kisogo, akiendelea kuchota, akasema:

"Masika. Mambo ya mukono ya baba, ilikuwa maneno tu. Waasi walipita kwangu, kisha askari walipita. Ni mutoto tu alibaki ananiita. Niliogopa kubaki bila sauti ndani ya nyumba."

Mbele yangu niliona shingo yake tu, nyembamba, na nywele nyeupe ambazo kitambaa kilikuwa kinazificha. Ni vigumu sana kumkasirikia mtu ambaye unamwona kisogo. Nilijaribu, nikashindwa.

"Na miye niliogopa atanisahau," nilisema.

"Alilala kila siku na kile kikwembe chako cha kijani. Nilimuachia."

Ufukoni askari aliingia majini hadi kiunoni, akavuta pua ya mtumbwi. Aliona obundu kwenye mshono, akauchungulia, akapiga saluti kwa mama mkwe. Tulimwachia kuku.

Beni tulipita tena kwa Mama Zaina, ambaye alihesabu vichwa, akaongeza maji kwenye mchuzi. Bwana Hassani aliposikia habari ya obundu alisema sasa kweli ameshaona yote, na alipotupakia kwenda Butembo alimweka mama mkwe mbele, karibu na dereva, ambako mpaka leo sijapata kukaa mimi.

Butembo, kwenye njia ya Mususa, tulimkuta Kambale anakuja na mfuko mdogo begani na karatasi zake zote mkononi. Alikuwa ameondoka kutufuata. Peke yake, kwa miguu, kupitia barrière zote zile. Paluku alimrukia. Kisha Kambale akamwona mama yake akishuka kwenye kamyo na chungu, akanisogelea.

"Mama amekuya kukaa siku ngapi?"

"Tungoje kwanza," nikamwambia.

Mliouliza mtumbwi umefaa nini, jibu ni hilo. Ngozi ilishonwa upya, ikawekwa kiraka na fundi wa baiskeli, na mawese tunayatia kwenye maharagi, si mahali pengine. Asiye na mtumbwi wa kukunja ajue: mpira unaoshwa kwa maji, unakaushwa kivulini, basi. Kafi limerudi jikoni, na sasa tunaligombania watu wawili.

Maana tunagombana, mimi na yule mama, karibu kila siku: chumvi, mlango, namna ya kumfunga Paluku nepi za moyo, yaani kumdekeza. Lakini neno likiwa zito, hatuliambii uso kwa uso. Yeye anakaa kwenye kizingiti, mimi nakaa nyuma yake juu ya kiti, namsuka nywele, sote tunatazama njia ya Mususa inavyoteremka na watu wake. Mmoja anasema. Mwingine anajibu. Na nikianza kuvuta nywele kwa nguvu, bila kugeuka ananiambia, "Masika, piga kushoto."